Ulimi wa Walrasi

Jumapili, 6 Oktoba 2019
…na mabega yake, jamani! Wiki tatu za ndoa na bado namkodolea macho akivua buti. Leo Putulik wangu ameua walrasi wake wa kwanza, yule mnyama mnene wa bahari ya barafu, dume la pembe ndefu kuliko mkono wangu. Kakata ulimi, katia kwenye mfuko – utapanda ndege ukapimwe minyoo. Majibu hutangazwa redioni. Hadi hapo nyama haigawiwi.

Jumatano, 9 Oktoba
Ukungu. Ndege haikutua tena. Mama mkwe, Siasi, kanuna: mwanawe kaua, majirani wanachungulia, na sisi tumeikalia nyama kama wachoyo. “Haya, msomi, unasemaje?”
Putulik akanitazama. Macho yale! Nikasema nyama imeganda nje siku tatu, na shuleni tulifundishwa baridi huua minyoo. Mama akacheka, akaniita binti yangu. Mara ya kwanza.
Wakala mbichi, ikiwa barafu tupu. Nilimlisha mume wangu kwa vidole vyangu. Changu nilichemsha – mbichi hainipandi tangu utotoni.

Jumanne, 15 Oktoba
Redioni, kati ya salamu na bingo: walrasi wa Putulik ana minyoo, asiliwe.
Nesi anasema minyoo ya huku Nunavik, kaskazini mwa Kanada, haifi kwa baridi. Ile ya kitabuni ni ya nguruwe wa kusini.
Sikujua.

Jumatatu, 21 Oktoba
Putulik ana homa, hata kuinua kijiko misuli inamuuma. Bado mzuri. Mama kope zimevimba, haoni. Nilimpelekea supu. Akauliza nani kapika.
“Mimi, mama.”
“Mama yako yuko kwenu. Sisi ulitulisha mbichi, chako ukachemsha.”
Akaimwaga sakafuni. Akaniambia nideki. Putulik alikuwa anasikia, akageukia ukutani. Nikadeki.

Ijumaa, 25 Oktoba
Minyoo imefika moyoni. Jana wamempeleka Montreal kwa ndege ya wagonjwa. Nilitaka kumbusu, akafumba macho – maumivu, bila shaka.
Leo kapiga simu. Sauti ile, hata ikiwa dhaifu! Anasema mama anataka nirudi kwetu kabla hajatoka hospitali.
“Na wewe unataka nini?”
“Nimechoka, Maina.”
Kuchoka si kukataa. Mama amekwisha toa nguo zangu barazani, theluji inaziangukia. Nimemwambia Putulik nitakwenda kumwona kabla mwezi haujaisha. Simu ilikuwa imekatika, lakini nimemwambia.