Ushuhuda wa Mama Mkwe Siku ya Pasaka

Mwenzangu, acha unachofanya usome. Nimetoka kanisani sasa hivi.

Fundi cherehani wetu, yule mama ambaye mwanawe mchanga alilazwa horini kwenye igizo la Krismasi, mtoto wake huyo alifariki mwezi uliopita. Leo ndiyo kwanza amerudi ibadani tangu mazishi.

Mchungaji kahubiri vizuri tu. Kasema hori na msalaba ni safari moja, kwamba Yesu alizaliwa ili afe, akafa ili afufuke.

Basi mama mkwe wake fundi akasimama kutoa ushuhuda. Mbele ya kanisa zima!

Akasema, "Mariamu alikuwa na imani, mwanawe akarudi siku ya tatu. Mkwe wangu yule pale nyuma, wa kwake hajarudi. Jiulizeni kwa nini."

Jiulizeni kwa nini! Na gauni alilovaa kashonewa na huyo huyo mkwe, bure.

Tena kuna watu wakaitikia amina. AMINA! Mimi nami nikainamia viatu vyangu, Mungu anisamehe.

Fundi akainuka, akaja mpaka mbele. Tukajua leo kofi litalia. Wala. Akasema taratibu, "Mama, Mariamu alipolia msalabani, hata wale askari hawakumwuliza ana imani kiasi gani."

Kisha akatoka zake, peke yake.

Mumewe alikuwa kiti cha mbele. Akamtazama mkewe mpaka mlango ukafungwa, halafu akamshika mama yake mkono, akamsaidia kukaa.