Filimbi Niliyoisingizia Kule Katy

Garland, Texas

Mdogo wangu Athumani,

Nina miaka sabini na sita. Nimezika kaka zetu wawili. Nimepinduka na lori la magogo pale Mbwemkuru nikatoka na meno yangu yote. Mafundi wote tuliochonga nao vinyago Dar es Salaam wamekwisha, nimebaki mimi na tezo yangu. Na sasa nimebaki hata baada ya Somoe, mke wangu, ambaye siku zote nilijua yeye ndiye atakayenizika. Kwa hiyo haya nikuandikiayo ni ya mtu aliyeona mambo, usiyasome kama ya mtoto.

Habari za hapo? Goti lako limekubali kukunja? Mikorosho imechanua? Mimi mzima, nakula, nalala, naswali. Zuhura mwanangu anasema nimekuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi akasahauliwa kitandani. Yeye ni nesi, ganzi anaijua. Mimi sioni tatizo. Ni kwamba tangu habari ya Somoe ifike, huu ni mwezi wa nne, joto la huku sisikii, na chai naimaliza ndipo naambiwa ilikuwa inaunguza.

Uliniuliza nashinda nafanya nini. Zuhura anataka nikujibu kwa sauti kwenye simu. Sitaki, sauti inapita. Nilisoma ngumbaru mwaka mmoja nikawapita waliosoma mitatu, na mkono bado unaandika.

Sisi tunakaa ghorofani. Chini yetu yupo mzee mtu wa Ayalandi, anaitwa Patriki, ananizidi miaka mitatu ila mimi ndiye mwenye nguvu. Anapiga filimbi ya mbao, ya kulaza mdomoni kama mtu anayemenya muwa kwa meno. Ni ngoma za kwao za zamani, na Jumapili wanakutana Dallas wazee sita saba, wanakaa duara wanapiga bila kuangalia karatasi. Filimbi ya babu yake iliungua na nyumba. Anataka ya kale kama ile, maana matundu yake makubwa na sauti yake ina kifua. Mpya anasema zinalia kama birika.

Miaka mitatu anatafuta. Ya kwanza ilikuja imepinda kama tango. Ya pili ilikuwa na ufa kichwani, umezibwa kwa gundi na masizi. Ufa ule niliuona mimi, kwa ukucha! Yeye na miwani yake hakuuona. Ya tatu nzima, lakini imechongwa kwa sauti ya juu, haipatani na wenzake. Tangu ule ufa hanunui bila mimi. Watu wa duara lile wananiita Daktari wa Mbao, na jina si la kupewa bure.

Sasa daktari wa kweli akamwambia Patriki mapafu yake hayana muda mrefu wa kupuliza. Akaniambia, Zuhura akitafsiri, "Issa, nikipata moja tu, hata ya miezi sita." Ikatokea moja Katy, upande wa Houston, mwendo wa saa nne na nusu. Zuhura alikuwa na mapumziko, akatuendesha.

Mwenye nyumba ni mama wa makamo. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa mpigaji. Akaleta kisanduku chenye kitambaa chekundu, filimbi imelala vipande vipande, nyeusi tii. Patriki akanyoosha mkono. Mimi nikainyakua kwanza, nikainusa.

Kiwi ya viatu, Athumani!

Unajua ninachosema, maana wewe ndiye ulikuwa unashika brashi. Mti mweupe tunaupaka kiwi, tunaukausha, tunamuuzia mtalii mpingo wa miaka mia. Nikatema mate kidoleni, nikasugua, gumba likatoka jeusi. Nikasema mbele ya wote, "Hii ya uongo. Imepakwa."

Zuhura akatafsiri. Yule mama akasema, "Baba yangu ndiye alikuwa anaipaka. Kila Jumamosi, pamoja na viatu vyake vya kanisani."

Nikacheka. "Mwambie na mimi niliwauzia wazungu vinyago vya babu yangu mia tatu, na babu yangu alikuwa mkulima wa mihogo."

"Baba, hilo sitafsiri."

"Tafsiri."

Akatafsiri. Mama akawa mwekundu. Patriki akaniuliza, "Issa, una hakika?" Nikamjibu mbao nazijua kuliko daktari anavyomjua yeye. Akaitazama filimbi, hakuipuliza hata mara moja, akafunga kisanduku mwenyewe.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu siku ile. Kabla sijairudisha, kidole changu kilikuwa kimeingia kwenye kibonde. Kandokando ya tundu la mdomo mbao imelika, na kwenye matundu ya vidole pia. Tupa haiachi alama ile, wala msasa. Ile ni nyama ya mtu, miaka na miaka. Na ndani, kiwi isikofika, mbao ina wekundu wa kahawia, kavu. Si mpingo wala mti mweupe, ni mti nisioujua. Ilikuwa filimbi ya kale kweli. Nilijua palepale. Lakini nilishasema mbele ya watu.

Tukaondoka. Patriki kakaa mbele, vidole vyake vinachezacheza juu ya goti kama vinatafuta matundu. Katikati ya safari tukasimama kujaza mafuta. Akakohoa sana, kisha akasema, "Basi, Issa. Nimechoka kutafuta. Hiyo ilikuwa ya mwisho."

Sikusikia kitu moyoni. Nakuambia kweli, hakuna kitu. Ila nikakumbuka harusi ya mwanao. Nilipiga simu kutoka huku, ikawekwa sauti ya juu, ukumbi mzima unasikia, na Somoe akasema, "Issa, rudi nyumbani, kikombe chako kinaingia vumbi." Nami nikajibu, "Mimi si mbuzi, siitwi." Watu wakacheka. Nikakipenda kile kicheko. Mwaka mzima sikulirudisha neno lile, kwa kuwa nilishalisema mbele ya watu. Akafa nalo.

Nikasema, "Zuhura, geuza gari."

"Baba, unatania? Kesho naingia kazini alfajiri."

"Geuza."

"Umesahau nini?"

"Neno. Nimeliacha kule."

Yule mama alitufungulia mlango wa mbao tu, wa wavu akaubana. "Umerudi kumtukana nani tena?" Zuhura akataka kuniombea radhi. Nikamnyamazisha. Nikasema mwenyewe kwa kiingereza changu: "Aimu rongi. Yua fadha, gudi mani." Yaani nimekosea, baba yako alikuwa mtu mwema. Mara ya kwanza ikatoka ndogo. Akasema hakusikia. Nikarudia kwa nguvu, jirani mwenye mashine ya kukatia majani akaizima kusikiliza.

Akafungua wavu, akaleta kisanduku.

Patriki akaiunga filimbi palepale kibarazani. Mara ya kwanza ukatoka upepo tu, kama tairi lenye pancha. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ikaitika. Mama akajiziba mdomo kwa kitambaa cha jikoni, Zuhura naye machozi. Mimi nilisimama. Sikulia. Nilikuwa naangalia gumba langu, jeusi bado.

Basi Athumani, kazi yako ni hii. Nenda kaburini kwa Somoe, asubuhi, peke yako. Mwambie Issa anasema amekosea. Usipambe, usiongeze dua zako ndefu. Likishatoka hilo, rudi nyumbani, uoshe kikombe changu.

Msalimie mkeo, shemeji yangu Mwanaidi, aliyemwogesha Somoe kwa mara ya mwisho. Msalimie shangazi yetu wa Ruponda, na maalimu aliyeongoza sala ya jeneza nikiwa sipo.

Ni mimi kaka yako, Fundi Issa.

Na kama hapo kijijini watasema Issa hawezi kutamka neno kama hilo, mashahidi wapo watatu: Zuhura aliyegeuza gari, Patriki mwenye filimbi, na yule mama wa Katy, aliyenisikia mara mbili.