Bibi Kiti cha Nyuma, Mimi Kiti cha Mbele

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mimi na bibi yangu, mama yake baba, tunapanda ndege kwenda kumwona mdogo wake, ambaye aliolewa mbali na sasa amepooza upande mmoja, hawezi kusafiri, na kila akipiga simu sauti yake imepungua kidogo, anauliza tu, "Dada, unakuja au huji?" na bibi anajibu, "Nakuja, nisubiri," halafu anaweka simu mezani na kuitazama mikono yake.

Bibi ni mkunga mstaafu, haogopi damu wala kelele, lakini anaogopa kuwa juu, hata pazia hawezi kulitundika akiwa amesimama kwenye kiti, na mwaka jana baba mdogo alimkatia tiketi, akafika mpaka mlango wa uwanja wa ndege, akageuza, akarudi nyumbani na teksi ile ile iliyompeleka, na mpaka leo kaka yangu humtania kwamba hajaona abiria mwingine aliyekwenda na kurudi bila kuondoka. Mara hii amekubali kwa sharti moja. Aliniambia, "Nitapanda, mjukuu wangu, lakini mkono wangu usiuachie mpaka tuguse chini." Nikamwahidi.

Sasa baba alitafuta ndege ya bei ya chini kabisa, ile ambayo nauli ni ya kubebwa tu, begi kubwa unalipia, maji unalipia, hata kuchapishiwa kadi ya kupandia pale kaunta unalipia, na kaka akamwambia bibi avute pumzi ya kutosha huku nje kwa sababu ndani hewa inauzwa. Bibi alicheka sana. Akashona begi dogo la kitambaa la kuingia chini ya kiti, na kila siku analipima kwa utepe wa fundi, kisha analisukuma chini ya stuli ya jikoni aone kama linaingia, nalo linaingia, na kesho yake analipima tena.

Juzi nilikamilisha usajili wa safari kwenye simu ya baba, na mfumo ukatugawia viti wenyewe, mimi dirishani mstari wa nne, bibi katikati mstari wa ishirini na saba, na kukaa pamoja ni kulipia tena. Nilimwonyesha baba. Akasema, "Hela ya kuchagulia viti sina, na ndege ni moja, wote mtafika. Usimwambie. Akishaingia na mlango ukafungwa, atakaa tu." Mama naye akaniambia nisibishane na baba yangu. Mshauri, sijawahi kumpinga baba, na najua tiketi hizi hazirudishwi, na nikimwambia bibi anaweza kugeuza tena, na mdogo wake huenda asiwe na mwaka mwingine wa kusubiri, lakini nisipomwambia nitakuwa nimemwongoza kwa mkono mpaka mahali nitakapomwachia. Nimeshaamua kwamba bibi atafika. Ninachoomba ni unifundishe namna ya kumfikisha bila kumdanganya, kama ipo.

Wako,
Mjukuu wa mkunga

*

Mjukuu wa mkunga,

Ipo.

Ila tuanze na baba yako, ambaye nadhani ni mtu mwema aliyejibana mpaka tiketi mbili zikapatikana, na sasa hataki kusikia neno "lipia" tena. Namwelewa. Mpango wake ni mbaya. Mtu mwenye hofu ukimfungia mlango hakai tu. Atasimama katikati ya njia, watu wamejaa nyuma yake na mabegi vifuani, atakuita, na wewe uko mbele huko umefunga mkanda. Watamshusha. Utakwenda peke yako kumweleza mgonjwa kwamba dada yake aliishia kwenye ngazi.

Na wewe pia nina neno nawe. Tangu juzi unamtazama bibi akisukuma begi chini ya stuli, nawe kimya. Unaandika kana kwamba kumdanganya ni jambo la Jumamosi. Umeshaanza, mwanangu. Acha leo.

Mwendee baba kwanza, kwa adabu, akiwa ameshakula. Mwambie, "Baba, naomba ruhusa nimweleze bibi, na nina mpango usiotaka hela." Hapo atakusikiliza. Akikataa, mwombe amweleze yeye, kwa kuwa ni mama yake. Nadhani atakurudishia kazi hiyo upesi.

Mpango wenyewe ni huu. Fikeni uwanjani mapema kuliko mnavyoona inafaa, uwaeleze watu wa kaunta kwamba una mzee mwenye hofu; wakati mwingine viti hubaki na wao wana uwezo. Wakishindwa, mwambie mhudumu pale mlangoni pa ndege. Naye akishindwa, una mali ambayo hujaihesabu: kiti cha dirishani, mbele. Usimwombe mtu wa mbele arudi nyuma, atakutazama kama mwizi. Nenda na bibi mpaka mstari wake, umwombe jirani yake aende akakae kwako. Aliyebanwa kule nyuma hakatai dirisha na kushuka mapema. Mwulize mhudumu kabla hamjahama.

Na ikiwa yote yamegoma, bibi yako atahitaji mkono wa mtu asiyemjua. Hilo mwambie wazi, tena mkiwa mmekaa. Halafu mwulize ni wanawake wangapi waliomshika mkono wodini bila kujua hata jina lake, na kama mkono wake haukuwafaa kwa sababu alikuwa mgeni kwao. Usimhubirie. Uliza, unyamaze, umwache ajibu. Sentensi ya kumwambia jirani ni fupi: "Huyu ni bibi yangu, anaogopa ndege inapopaa, naomba umpe mkono." Ifanyie mazoezi kwa sauti, naye aisikie, aijue na ya kwake: "Mimi ni mkunga, naogopa, nipe mkono."

Anaweza kusema hapana. Safari ni yake na hofu ni yake. Akisema hapana, usilie mbele yake wala usimwite baba. Mpe simu, ampigie mdogo wake mwenyewe, ajibu lile swali kwa kinywa chake. Mimi naamini mkunga akishaisikia sauti ile hataweza kusema haji. Lakini hiyo ni imani yangu, na wewe usiiweke mahali pa ukweli.

Kunja gazeti hili. Baba akishakupa neno, nenda jikoni, umsaidie bibi kulitoa begi chini ya stuli, ukae hapo kwenye stuli, umshike mkono ndipo uanze kusema.