Jaja, Kuku wa Pasaka Nimemchinja Mimi

Jaja wangu, babu yangu,

Kaa vizuri huko uliko, nina habari, na najua utacheka mpaka ukohoe.

Tangu tukuzike, nyumba hii ya Kyebando ina kimya ambacho hatujakizoea. Redio yako ipo, ila hakuna wa kuifungulia alfajiri ituamshe sote. Kofia yako nyeupe, ile iliyokuwa inakupwaya uzee ulipokukondesha, Bibi ameitundika karibu na rozari yake. Nikipita naitazama, nalia kidogo, naendelea na kazi. Nimekukumbuka mno, Jaja. Basi.

Uliishi sana, alhamdulillahi. Kazi ya polisi ilikuhamisha kila kona ya Uganda, na kutoka Gulu ukarudi na Bibi. Ndugu zako walitaka asilimu, ndugu zake walitaka ubatizwe. Nyinyi mkazaa tu. Watoto wengine wakaenda msikitini, wengine kanisani, na chakula kikabaki kimoja. "Nilioa Mkatoliki, sikuoa sufuria mbili," ulikuwa unasema. Ndiyo maana kuku wa Idi, wa Krismasi, wa Pasaka, wote uliwachinja wewe, ili kila mtu ale. Mimi nilikuwa mshika miguu. Unamnywesha kuku maji, unamwelekeza kibla, unamwambia, "Pole, bwana mkubwa." Kisha unanigeukia mimi: "Salima, shika vizuri, huyu si mwanao!"

Krismasi ya kwanza bila wewe ilituumbua. Shangazi Betty, kwa nia njema kabisa, alinunua sokoni Bukoto kuku waliokwisha kunyonyolewa. Baba mdogo Rajabu akauliza nani amewachinja. Hakuna aliyejua. Mkewe akawasha sigiri nyingine ya makaa karibu na geti, akawapikia Waislamu maharage na mayai. Sigiri mbili, Jaja, kwenye uwanja wako! Bibi alishika sahani yake asijue aende upande gani. Akaketi mlangoni, katikati yetu, na hakula. Siku ile niliogopa kweli. Niliona tunaelekea kuwa wale ndugu wanaokutana msibani tu.

Pasaka ilipokaribia, Shangazi akasema afadhali kila mtu apike kwake. Bibi alishika rozari yake tu. Nikaenda chumbani kwako, nikatoa kile kisu ulichokuwa unakificha ndani ya soksi ya polisi, nikakinoa.

Baba mdogo akaja juu. Mwanamke achinje? Weee! Na unamjua mwanao: anaendesha lori mpaka Juba, lakini damu ya kuku inamkalisha chini. Nikamwambia basi achinje yeye. Akatoka nje kumpigia simu shehe wa msikiti wetu, nadhani akitarajia kuungwa mkono. Shehe akamwambia mwanamke Mwislamu anayejua kuchinja achinje, nyama ni halali.

Aliporudi nilikuwa nimeshamnywesha jogoo wa Pasaka maji. Nimeshamwambia pole, kama wewe. Lakini nilikutaka pale, Jaja, nilikutaka sana, na jogoo alikuwa anapigapiga mabawa hatari. Mara nikaona mtu amechuchumaa mbele yangu, ameishika miguu ya jogoo kwa mikono miwili, macho ameyafumba kabisa. Baba mdogo!

"Shika vizuri," nikamwambia, "huyu si mwanao."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Nami nikasema bismillahi.

Tulipika kwenye sigiri moja. Shangazi Betty alileta matoke, mke wa Baba mdogo akakoroga mchuzi, wakabishana kuhusu vitunguu kama zamani. Bibi alikula, akaongeza, kisha akaniuliza mbele ya watu wote kwa nini mchuzi hauna chumvi. Nilifurahi kugombezwa.

Pumzika sasa, mzee wangu. Mungu akuangalie vizuri, kama ulivyotuangalia. Kisu nimekiosha, nimekirudisha ndani ya soksi yako. Idi inakuja, Krismasi iko nyuma yake, na nakuahidi kitu kimoja: maadamu nina mikono, Bibi hatakaa tena mlangoni na sahani yake.

Mshika miguu wako,
Salima