Komeo la Bunduki Yangu

Mugango

Mke wangu Hilda,

Mumeo babu yako nipo, natafuna kwa meno mawili yaliyobaki. Jana nimeua kiboko kwa risasi moja!

Haya, sijaua. Hata panya sijaua. Lakini bunduki nimeitengeneza. Ile niliyonunua kwa mzee mmoja wa Bunda, komeo lake lilikuwaga linakwama kila nikikoki, viboko wanamaliza mahindi huku wananitazama. Kumbe kiwandani waliacha chuma kina makwaruzo, kazi ya harakaharaka kama ugali wa mama yako. Nimesugua kwa msasa laini na mafuta, napapasa kwa kidole, nasugua tena. Sasa linateleza kama kambale.

Basi alfajiri nikaona kiboko kwenye mahindi. Nikakoki vizuri, nikalenga. Kiboko akasema, "Shikamoo, mzee Magige." Alikuwa jirani yetu Enos, kajifunika turubai la mvua!

Tulicheka. Alipoondoka nikatoa risasi kwenye bunduki, nikakaa chini. Siku zote nililaumu komeo, kumbe na macho yangu yamekwisha, mke wangu. Bunduki nimeipeleka polisi waitunze.

Ulipojifunza baiskeli nilikimbia nyuma nimeshika kiti, ukaapa utanilipa. Nilipe sasa: njoo Jumamosi unishike mkono mpaka kwa daktari wa macho, Musoma. Watu wakiuliza njiani, waambie mimi ndiye ninayekusindikiza.

Mumeo mzuri kuliko wote,
Babu Magige