Nilimjibia Daktari wa Dumuzi

Jumatatu, 6 Machi

Friji la muuza nyama limerudi. Mara ya tatu. Nilishaamua ni kompresa, spana iko mkononi. Mke wangu akaweka sikio ubavuni mwa friji kama anayesikiliza mtoto tumboni, akasema si kompresa, ni feni, kuna kitu kinaigusa. Nikafungua nyuma. Kipande cha mfuko wa plastiki! Muuza nyama akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akasema kuanzia leo atakuwa anamuulizia Daktari kwanza.

Mtaa mzima unamwita Daktari. Ana shahada ya uzamivu — miaka minne na nusu ya kumchunguza dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani mpaka yabaki unga. Kwa hiyo ni Daktari wa Dumuzi. Lakini mama mkwe, tunayeishi naye, hafafanui. Akishasema “binti yangu ni daktari” ananyamaza hapohapo. Matokeo yake watu wanamletea vikohozi. Wiki iliyopita mzee mmoja alimfunulia goti.

Tangu amalize chuo ni miaka miwili na miezi minne. Ameomba kazi mpaka duka la kuchapisha wanaanza kucheka naye akiwa bado mlangoni. Chuo hakiajiri. Kampuni zinamwambia amesoma mno. Mwaka jana akavaa ovaroli yangu ya zamani, akakunja mikono, akasema: nakusaidia mpaka kitu kitokee.

Sasa skrubu zangu zote ziko kwenye makopo yenye majina. Na nimezoea kumsikia akiimba nyuma ya mafriji. Anaimba vibaya. Simwambii.

Jumatano, 8 Machi

Mke wangu alikwenda kupima mpira wa mlango wa friji kwa mteja, akaacha simu yake inachaji kwenye benchi. Ikaita. Nikapokea.

Binti wa chuoni. Sauti nzuri, imechoka. Wanawapigia wote waliomaliza uzamivu kujua wameishia wapi. Nikasema mwenyewe hayupo, mimi ni mume wake. Akauliza kama naweza kujibu maswali manne tu. Nikavuta stuli.

Ameajiriwa? Ndiyo. Kazi ya kudumu? Ndiyo. Inatumia alichosomea? Sana — nikamwambia habari ya feni. Ameridhika na kazi yake? Nikasema anaimba.

Binti akacheka, akashukuru, akakata.

Nilitembea kifua mbele mpaka saa kumi. Aliporudi sikumwambia. Niliandika hapa kwamba nilisahau, nimefuta. Sikusahau.

Ijumaa, 10 Machi

Leo kaja yule tunayemwita Bwana Darubini, aliyesoma na mke wangu maabara moja. Siku hizi anauza vigae vya bafuni. Anasema ni kazi nzuri, anazo bei zote kichwani. Alisema hivyo mara mbili.

Ana habari. Chuo kimeshirikiana na kituo cha utafiti wa nafaka. Wanatafuta mtu wa wadudu wa ghalani, mkataba wa miaka mitatu. Na hawatatangaza — watachagua kwenye ile orodha ya simu, waliosema hawana kazi, au wana kazi isiyohusiana na walichosomea. Yeye kapigiwa Jumanne. Ila yeye ni wa magonjwa ya majani, hawamtaki. Akamwambia mke wangu: hii ni yako, imekatwa kwa kipimo chako.

Mke wangu akaangalia simu yake. Akaniuliza kama kuna mtu alipiga.

Nikasema namba nyingi hupiga.

Hiyo ndiyo sentensi niliyosema. Naiandika ili niione.

Kituo kiko mbali, mwendo wa saa nane kwa basi.

Jumamosi, 11 Machi

Simu anaingia nayo bafuni. Ameongeza sauti hadi mwisho. Kila ikiita anajifuta mikono kwanza, anakohoa kidogo, ndipo anapokea. Leo walikuwa: muuza nyama, mtu aliyekosea namba, dada yake.

Mchana mama mkwe alinikuta nimekaa na sahani yangu sijaigusa. Akavuta kiti. “Baba, umefanya nini?” Si “una nini”. Huyu mama ananijua.

Nikamweleza yote. Akanisikiliza huku akichambua mchele, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema yeye mwenyewe miaka miwili anawaacha watu waamini binti yake anatibu magoti, kwa hiyo hana wa kumcheka. Lakini akasema: “Mimi nilidanganya mtaa. Wewe umedanganya mlango wenyewe wa kazi.” Halafu: nimwambie kabla hajaambiwa na mwingine.

Nikasema kesho.

Jumapili, 12 Machi

Sikusema. Ila jambo moja nitaliandika.

Mama alileta debe la mahindi ya jikoni, anasema yana vumbi. Mke wangu akayamwaga juu ya gazeti, akawasha tochi ya simu, akaniita nichuchumae karibu. Akanionyesha tundu — dogo, safi, kama limetobolewa na keekee yangu ndogo kuliko zote. Akaniambia jinsi dumuzi anavyochagua punje, jinsi dume linavyotoa harufu ya kuwaita wenzake, jinsi watu wanavyonunua dawa isiyofaa wakati ghala lenyewe ndilo lingebadilishwa. Aliongea nusu saa. Akachora ghala lake kwenye ukingo wa gazeti, na madirisha.

Kwenye karakana anafanya kazi vizuri. Anaimba, ndiyo. Lakini uso ule sijauona kwenye karakana hata siku moja.

Ni mimi niliyemwambia binti wa chuoni kwamba kazi yake inatumia alichosomea.

Jumatatu, 13 Machi

Nimekwenda chuoni mwenyewe. Nikavaa shati la harusi. Mke wangu nilimuaga kwamba nafuata gesi ya friji.

Ofisi iko ghorofa ya pili, mwisho wa ujia. Mezani simu mbili na rundo la karatasi zenye vyeo virefu. Binti nilimtambua kwa sauti. Nikasema mimi ndiye yule mume. Akanikumbuka mara moja: “Wa feni.”

Nikasema nilijibu vibaya, abadilishe. Hakushangaa. Akasema wanaojibu vizuri kuliko wote ni waume, wake na akina mama — kwa majibu yao kila mtu ana kazi nzuri. Wenyewe ndio hugugumia. Mmoja anaendesha teksi na hataki iandikwe. Mmoja alisema aandikwe “mshauri”, akaulizwa wa nini, akaomba radhi na kukata.

Kubadilisha hawezi kwa neno langu. Lazima apige mwenye jina, kabla ya saa sita mchana Jumatano. Baada ya hapo orodha inakwenda kwa mratibu wa kituo. Akaniandikia namba kwenye kikaratasi.

Nikauliza, je, akipiga atapata? Akasema hilo halijui. Anajua tu kwamba asipopiga hatapata.

Jumanne, 14 Machi

Nimemwambia.

Alikuwa anachomelea bomba la shaba. Nilisubiri azime moto, maana sitaki habari kama hii imkute na moto mkononi. Nikaweka kikaratasi kwenye benchi, nikasema yote tangu Jumatano — hata shati, hata gesi niliyodai nakwenda kuifuata.

Akavua miwani. Akauliza: “Ulimwambia naimba?”

Ndiyo.

“Na kazi inatumia nilichosomea.”

Ndiyo.

“Kwa nini?”

Nilikuwa na majibu matatu niliyotayarisha njiani. Sikutumia hata moja. Nikasema niliogopa. Kituo sikukijua wakati ule, lakini kila siku tangu ulipovaa ile ovaroli naogopa siku utakayoivua.

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Akasema yeye ameambiwa “hapana” na watu wasiomjua kwa miaka miwili, na amezoea. Ya kuambiwa na mtu wa nyumbani, tena kwa sauti ya sifa, hiyo bado ni mpya. Akachukua kikaratasi, akaingia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango.

Nimemalizia lile bomba mwenyewe. Limevuja.

Jumatano, 15 Machi

Asubuhi chai alinimiminia, ila kimyakimya. Mama akawa anaongea na sisi wote wawili kwa zamu, kama mkalimani.

Saa nne mke wangu akaingia karakana. Si kwa ovaroli — gauni lake la bluu. Nikainuka nimpishe. Akasema: “Kaa hapo, Fundi. Usikie mwenye jina anavyojibu.” Akaketi kwenye stuli, akabonyeza namba, akaweka spika.

Ameajiriwa? Akasema anamsaidia mume wake, na ni kazi ya heshima, na si kazi yake. Inatumia alichosomea? Hapana. Ameridhika? Hapo alinikazia macho. Akasema kwa mume ndiyo, kwa kazi hapana, kama kuna visanduku viwili aweke vyote viwili. Nikainama kutafuta skrubu ambayo haijaanguka.

Binti akasema asubiri, mratibu wa kituo yuko ofisini leo, anaomba waongee.

Wanaongea mpaka sasa, naandika haya kwenye benchi. Dakika kumi na saba. Amesema “dumuzi” mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu. Amechora ghala mezani kwa chaki yangu. Bado hajaambiwa kapata — ni usaili tu, mratibu kasema kuna wengine wanne. Sauti ya mke wangu imesimama wima.

Mama amekuja mlangoni na ufagio, hafagii.

Sasa anaulizwa kuhusu makazi. Kituo kina nyumba za watumishi, chumba kimoja kimoja. Anasema anaelewa. Anasema ndiyo. Ananitazama, bado hajanisamehe, hilo liko wazi usoni. Anasema, samahani mratibu, hapana, chumba kimoja hakitatosha, sisi tuko watatu, na mmoja wetu ana vifaa vingi —