Maumivu Yalipoisha, Hofu Ikaanza

Mpendwa Baba Zuhura,

Siku uliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya kupasuliwa uti wa mgongo, daktari alituketisha sote wawili. "Tembea kila siku, kidogo kidogo," alikuambia. "Usiiname, usijipinde, usinyanyue kitu kizito. Maumivu yataisha mapema, mgongo utachelewa kupona. Na kazi yako ya kupakia magunia ya machungwa, hata ukipona, sahau." Ulijibu "sawa, daktari" kwa adabu, lakini ulimtazama kama mtu anayesimuliwa habari za jirani.

Mwanzoni ulitii. Asubuhi tulizunguka mitaa ya Makorora, nimekushika mkono, nawe unaona haya watu wakikupa pole. Kisha maumivu yakaisha, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Ukawa unapiga mluzi bafuni. Nikakukuta uani umenyanyua ndoo ya maji, unacheka.

"Si unaona, mke wangu? Nimepona."

"Maumivu ndiyo yameisha."

"Wewe na daktari wako!"

Msimu wa machungwa ulipofika, uliniaga kwamba unakwenda Muheza kuwasalimia wenzako tu. Ulirudi jioni shati limelowa jasho, bega limechubuka. Nilipokuuliza, ukasema umesaidia kupakia lori moja. Kesho yake ukaenda tena.

Ijumaa ile ulikuwa unarudi kutoka msikitini, sisi tuko barazani. Kandambili ya mguu wa kushoto ikabaki njiani, nawe ukaendelea kutembea. Zuhura akaita, "Baba, kiatu!" Ukatazama chini. Hukuwa umehisi chochote. Tangu unioe sijawahi kuuona uso wako vile. Kabla ya usiku kuingia, haja ndogo ikagoma. Ukakimbizwa hospitali, kisha ukahamishiwa hospitali ya Moshi, ukapasuliwa mara ya pili.

Juzi ulinipigia simu kutoka huko. "Mama Zuhura, msimu ujao nitakuwa sawa?"

Daktari alikuwa ameshanieleza: huenda utatembea kwa mkongojo, polepole, mguu ule pengine hautarudi, magunia ndiyo basi. Ningeweza kukudanganya, ukalala na furaha. Nikakujibu, "Hapana, mume wangu." Nikasikia unavyohema, kisha simu ikakatika. Tangu hapo hupokei, na muuguzi anasema umekataa hata kusimama na fremu ya kutembelea.

Hilo linanitisha kuliko magunia yote ya Muheza. Jana ulitaka kufanya yote, leo hutaki hata kidogo, na hicho kidogo ndicho ulichobakiwa nacho. Daktari anasema ukiendelea kulala hivyo, hata ule mguu mwingine ulio mzima utanyauka.

Nimemwomba muuguzi akusomee haya. Simama, baba. Fika mlangoni, urudi kitandani. Kesho ukiishia mlangoni tena, na iwe hivyo. Mimi nipo njiani. Siji kukuahidi kwamba utakuwa kama zamani. Nakuja kutembea nawe kwa mwendo unaouweza, na usipouanza sasa, naogopa nitafika nikute hata huo umekwisha.

Nisubiri ukiwa umekaa, si umelala.

Mkeo,
Mama Zuhura